Matusi ya Phuldai

Kwenye basi la Darbhanga, mama wa sari ya manjano alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti harusi ya mwanawe. Bibi harusi ni mpwa wa Phuldai, yule aliyeanza na nyimbo za mavuno huku kwetu. Siku hizi nyota wa filamu za Mumbai wanafumbua midomo tu, sauti ni yake.

“Sisi mama wa bwana harusi hatuendi ukweni, dada. Nilibaki nyumbani roho juu. Nikasema, huyu Phuldai keshakuwa mtu mkubwa, ataona haya kuwaimbia wanaume wetu matusi ya kuwapokea wakwe.”

“Si ingekuwa afadhali?” jirani akadakia. “Sauti kama ile kuipeleka kwenye matusi!”

“Ebo! Mkwe asiyetukanwa si mgeni tu? Mume wangu aliporudi hata maji sikumpa. Nikamuuliza, amewatukana?”

“Enhe?”

“Kaimba eti masharubu ya mume wangu ameyaazima kwa beberu! Ndipo nikashusha pumzi.”

Jirani akasonya. “Mimi nisingekubali.”

Basi likasimama. Mzee wa kiti cha mbele, niliyedhani kalala safari nzima, akainuka, akatugeukia sote, akasokota masharubu taratibu, ndipo akamwambia mkewe washuke.