Jibu Letu Kuhusu Mchanga wa Korongo

Mgeni rasmi, pamoja na wote mlioongozana naye: wakubwa shikamooni, wadogo habari za safari.

UKARIBISHO

Umeshuka kwenye gari na hukusikia makofi wala vigelegele. Usidhani hatukufurahia ujio wako, na tafadhali usimlaumu mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Ernest, ambaye tangu asubuhi anatutazama kwa jicho la kutusihi. Tulikubaliana jana kwamba leo mikono itulie mapajani. Sababu utaisikia muda si mrefu. Kiti chako kipo kivulini na maji ya kunywa yapo mbele yako. Yamechotwa leo katika korongo hili unaloliona, karibu kabisa na utepe uliokuja kuukata.

HISTORIA

Kitongoji chetu hakina mto unaotiririka. Tuna korongo. Mvua zikinyesha, maji hushuka kwa kishindo siku chache, kisha hubaki mchanga mtupu, na mgeni akipita husema hapa ni pakavu. Chini ya mchanga huo ndiko maji yetu yanakokaa mpaka mvua nyingine. Tunachimba kwa mikono, tunachota kwa kata, tunasubiri yajae, tunachota tena. Bibi zetu waliishi hivyo. Na sisi, ambao wengine tumesoma mpaka chuo kikuu kule Chimwaga, tunaishi hivyo hivyo, kwa sababu hatujaona bado mtu aliyesoma akaacha kunywa maji.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tunalo jambo moja la kujivunia. Ndugu yetu Hasani alitoka Kondoa, akaoa hapa, akapanda zabibu na kuweka mashine ya kuvuta maji. Visima vya kina mama vikaanza kukauka. Bartolomayo, mwenye ng'ombe wengi, akaapa kuitupa mashine ile porini. Tukawakalisha wote wawili. Kikao kilianza uwele ukiwa bado uwanjani na kikaisha watu wakiandaa mashamba mapya. Wapo walionuna wakaondoka, wakafuatwa majumbani, wakabembelezwa, wakarudi. Mwishowe Hasani akakubali kuzima mashine asubuhi kina mama wanapochota, na Bartolomayo akahamishia ng'ombe wake upande wa chini. Hakuna kati yao aliyeondoka na neno lile lile alilokuja nalo. Kwetu sisi huko ndiko kushauriana.

Tena tuna desturi yetu. Jambo zito halijibiwi siku linapoletwa. Watu hulibeba nyumbani, likazungumzwa na mgonjwa asiyeweza kutoka, na aliyekuwa machungani, na mke au mume aliyebaki na watoto. Kisha tunarudi, na kila kaya inasema neno lake kwa mdomo, mbele ya wengine. Kaya iliyonyamaza haijakubali.

CHANGAMOTO

Mwaka jana baada ya mavuno walikuja wataalamu wa mradi wa kuchimba mchanga wa kujengea mjini. Walizungumza vizuri, hatuwezi kuwasingizia. Walisema wamekuja kutushirikisha. Mama Anyesi, ambaye kisima chake ndicho kirefu kuliko vyote, akasimama akauliza, "Mchanga ukiisha, maji yatakaa wapi?" Akajibiwa kwamba hilo litafafanuliwa katika awamu ya pili. Wakauliza kama kuna maoni mengine. Tukanyamaza, maana ndiyo kwanza jambo lilikuwa limeletwa. Walipoaga tuliwapigia makofi na vigelegele, kwa kuwa ni wageni na walitoka mbali. Tukawaambia watukute Alhamisi inayofuata, tutakuwa na jibu. Wakatikisa vichwa kukubali.

Basi sisi tukashauriana. Alhamisi ikafika, tukachinja kuku, tukapika mlenda na ugali wa uwele, tukatandika mikeka. Tulikaa na jibu letu mpaka jua likazama, na hakuna aliyekuja kulichukua. Chakula kile tulikila wenyewe, kwa hasira. Baada ya muda tukasikia redioni kwamba wananchi wa Ng'ambo ya Korongo, yaani sisi, walishauriwa, wakajadili, wakaridhia kwa shangwe.

Mgeni rasmi, maneno hayo tunayajua, na yametuuma. Mtu akija na jambo lililokwisha kuamuliwa, ametuarifu, na kuarifiwa si kubaya, mradi kuitwe kwa jina lake. Akitupatia mawazo yake akatuachia uamuzi, ametushauri. Kujadili ni kulipindua jambo, wa huku akasema na wa kule akasema, hata wasiopendana. Kuridhia huja mwisho, na huja kwa mdomo wa mwenye kuridhia. Wataalamu walitufanyia la kwanza, wakatangaza kwamba wametufanyia yote. Tumekasirika, na tunasema hivyo bila kuficha.

NENO LA GEOFREY

Hatukuwa na kauli moja tangu mwanzo, na hatutaki kukudanganya kwamba tunayo hata leo. Geofrey, kijana wa Mama Anyesi huyo huyo, alitaka machimbo yaje. Amechoka kupanda lori kwenda Kibaigwa kubeba magunia ya mahindi ya watu, na alidhani angepakia mchanga akiwa kwao. Tulimsikiliza siku nyingi. Bado anataka, na mama yake bado hataki, na wanakula sahani moja. Tulimuahidi kwamba maneno yake yatasomwa hapa kama alivyoyasema: "Mimi nataka kazi. Lakini sitaki kuambiwa nilishauriana na mtu ambaye hakunisikiliza."

Baada ya Geofrey kusema hivyo, hata wale wachache waliokuwa upande wake walisogea wakakaa na sisi.

MAOMBI

Tuliambiwa risala nzuri huomba zahanati, barabara na umeme. Tunavihitaji vyote, ila leo hatuviombi, tusije tukapewa kimoja na kikahesabiwa kuwa malipo ya mchanga. Tunaomba utepe huu wa kufungua machimbo usikatwe. Tunaomba wataalamu warudi, waketi mpaka kaya ya mwisho iseme, na wawe watu wanaoweza kubadilisha mpango wao wakisikia sababu. Wasipoweza kuubadilisha, waje watuarifu tu, nasi tutajua tunapambana na nini.

Na kwa kuwa jibu letu halijawahi kupokelewa na mtu yeyote, tunakukabidhi wewe, mbele ya watu wote hawa: hapana.

Kina mama unaowaona wamekaa mchangani, upande wa pili wa utepe, hawakuja kukupokea. Wamekaa hapo tangu alfajiri, wamekuja na watoto wao na masufuria yao, na madereva wa malori yaliyopangwa kule barabarani wanawaona vizuri. Hakuna atakayekutukana wala kukurushia jiwe. Ila lori likitaka kushuka korongoni, litawakuta.

Mungu akulinde katika safari yako ya kurudi, aibariki familia yako, na nyumbani kwako maji yasikauke. Risala imeisha. Ninayeisoma naitwa Yudith, na nikishakukabidhi karatasi hii nakwenda kukaa na wenzangu.

Ni sisi,
Wakazi wa Kitongoji cha Ng'ambo ya Korongo