Fundi Milimita, Aliyesubiri Kwenye Kioo Chake

Ndugu, majirani na mafundi wenzake mliofika kumsindikiza, marehemu mlimjua kwa jina la kazi, Fundi Milimita. Mdogo wake anayewasomea maneno haya ameagizwa na mjane asimvike marehemu kilemba cha ukoka. "Sema alivyokuwa," mjane alimwambia, "inatosha."

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1959, mtoto wa mlinzi wa kiwanda cha chupa, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ukuta wa kiwanda hicho. Mama yao alikuwa akisema mtoto huyu alijifunza kutembea kwa tahadhari, maana uwanja mzima ulikuwa vipande vya chupa.

Alianza shule ya msingi Januari 1967. Hakuwa mbumbumbu, ila macho yake hayakukaa ubaoni. Akiwa darasa la sita alipiga mpira ukavunja dirisha la mwalimu mkuu, na adhabu yake ikawa kumshikia fundi fremu mpaka kioo kipya kiingie. Wiki iliyofuata dirisha la pili likavunjika. Wenzake walimtania maisha yake yote kwamba lile alilivunja makusudi ili fundi arudi, naye alikuwa anacheka tu, hakukana. Alipomaliza darasa la saba mwaka 1973, fundi yule yule akamchukua.

Kazini alipima kila dirisha mara mbili na kutaja vipimo kwa milimita, hata kwa mtu aliyetaka kioo cha kabati la vyombo. Alikuwa mkali, tusifichane. Fundi aliyekata kioo kikabana kwenye fremu alisemwa mtaa mzima ukasikia, kwa sababu kwake kioo lazima kiachiwe pumzi kidogo, kisije kikapasuka jua likipiga. Mwaka 1998 alipata kazi kubwa kuliko zote, vioo vya ukumbi wa kuwasili uwanja wa ndege, vile vinavyotenganisha wanaofika na wanaowasubiri. Kile cha mwisho, karibu na mlango, alikitia alama yake kwenye kona, mkwaruzo mdogo wa kikata kioo. Tangu hapo mtu wa familia akisafiri aliambiwa, "Utanikuta kwenye kioo changu." Na alikutwa pale kweli, kafika mapema mno, shati limepigwa pasi.

Tarehe 20 Agosti 1983 alimuoa fundi wa mapazia. Walikutana katika nyumba mpya, kila mmoja akipima dirisha lile lile, wakapata vipimo tofauti, na ubishi ule haukuwahi kuisha. Yeye alidai kazi yake ni kuingiza mwanga. Mkewe akamjibu kwamba yake ni kuwasitiri waliomo ndani ya huo mwanga. Walijaliwa watoto wawili, kijana ambaye ni muuguzi na binti ambaye ni mpishi wa hoteli, na wote wawili walipata kazi katika nchi za mbali, kila mmoja ya kwake.

Hapa ndipo panapotajwa ugonjwa. Marehemu hakuugua. Alikuwa na goti bovu na ubishi, basi. Kilichomuua tulianza kukisikia redioni. Jumatatu, tarehe 6 mwezi huu, bomu lililipuka ndani ya treni katika jiji analoishi kijana wake. Siku ya pili watu walipigwa risasi wakiwa kwenye ibada, nchi nyingine kabisa. Likafuata soko, upande mwingine wa dunia, kisha mkahawa ulio jirani na hoteli anayopika binti yake. Mtangazaji alizisoma habari zile kwa sauti ile ile anayosomea bei ya mafuta. Fundi aliacha kioo cha watu mezani hakijakatwa, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona, akawa anawapigia wanawe simu mpaka zikapokelewa. Wote walikuwa wazima. Akawaambia warudi nyumbani, maana huku kwetu nani ana habari na sisi.

Kijana alikataa. "Baba, huko nako ni hivi hivi," alisema. "Zamu haijafika tu."

Fundi alimkatia simu kwa hasira, na hawakusemezana tena. Binti, ambaye tangu utotoni baba akisema njoo anakuja, alikata tiketi.

Jumapili, tarehe 12, marehemu alifika uwanja wa ndege wakati ndege ya binti ingali angani. Abiria walipoanza kutoka, binti alizuiwa kwenye meza ya ukaguzi kwa sababu ya seti ya visu vyake vya jikoni. Kutoka pale alimwona baba yake nyuma ya kioo, akigonga saa ya mkononi kwa kidole, akimtania kwamba amechelewa. Binti anasema alicheka. Kisha bomu likalipuka upande wa waliokuwa wakisubiri. Vioo vyote vilishuka, na chake pia. Alifariki pale pale, pamoja na watu wengine ambao familia zao zinazika kama sisi, nasi tunawapa pole. Binti alikingwa na ile meza, akatoka mzima.

Kijana amewasili jana. Palipokuwa na kioo cha baba pamezibwa kwa mbao, na alisimama mbele yake kwa muda, kwa mazoea. Neno la zamu hajalitaja tena. Usiku dada yake aliuliza mbele yetu sote, "Mama, nirudi au nibaki?"

Mama alimtazama shemeji yake, huyu anayewasomea. Swali la namna hiyo nyumbani kwetu lilikuwa na mjibuji mmoja. Huko binti alikotoka walilipua, na huku alikoitwa wamelipua.

"Sijui, mwanangu," mama alisema. "Sijui kabisa."

Marehemu ameacha mjane, kijana, binti na mdogo wake. Apumzike mahali salama, pale alipotaka kuwafikisha wanawe. Sisi hatupajui.