Nilikwenda Mjini Kununua Dawa Iliyokuwa kwa Jirani

Mwaka wa 2018, nikiwa na miaka hamsini na tisa, ndipo shida yangu ilianza. Ilianza na gari nyeupe ya mteja wangu wa miaka mingi. Ilinipita bila kusimama, ikaenda kusimama kwa jirani.

Mama mwenyekiti, ndugu zangu wa kikundi hiki cha watu wa presha, nawasalimu nyote. Mmenisukuma miezi mitatu nisimame na nikakataa. Leo nimekubali. Sitataja jina la mtu. Na wewe unayemjua huyo ninayemsema, funga mdomo mpaka nimalize.

Shule niliishia darasa la tatu. Nilitoka magharibi nikaja Nairobi na viatu vya kuazima, nikakata nyasi Kitisuru kwa watu wenye mbwa wakubwa kuliko mimi. Majina ya maua niliyajua kwa kuwasikiliza wenye nyumba wakiyataja. Baadaye nikaanza kitalu changu cha miche kando ya Barabara ya Ngong, na makopo kumi na mawili ya mafuta ya kupikia. Ukiona mti wa avokado pale Jamhuri umepachikwa vizuri na unazaa, uliza ni mkono wa nani. Najisifu, ndiyo. Nimeufanyia kazi.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja mjane, umri wa binti yangu wa kwanza. Alikuja akaniomba kipande cha nafasi upande wangu wa kulia. Nikampa. Nikamwonyesha kuchanganya udongo na samadi, kujaza karatasi za kupandia, hata kupachika tawi la mti mmoja kwenye shina la mwingine. Kupachika hakuweza. Miche yake ya avokado ilikauka yote, na nawaambia ukweli, nilifurahi. Mwalimu anapenda mwanafunzi asimpite.

Lakini yule mama hakulia. Alianza kupanda vitu ambavyo mimi nilikuwa nang'oa kama magugu. Mrihani, ule wa Wahindi wenye harufu. Mlonge. Na kitu kimoja chenye jina refu, ashwagandha, ambalo lilinichukua siku tatu kulisema. Wateja wake walisema ni mimea ya kusaidia mwili kuvumilia mawazo. Mtu akiwa na msongo wa kazi anachemsha, anakunywa, anatulia. Mimi nilicheka. Nikamwambia, "Mama, matajiri wana mawazo gani?"

Akanijibu, "Mzee, hao ndio wako nayo. Sisi tuko na shida."

Nilicheka mpaka magari yalipoanza kusimama. Ya Karen, ya Kitisuru, ya wale wasichana wa ofisini wanaofanya mazoezi na mikeka. Yalinipita mimi na mawaridi yangu, yakaenda kwake. Nilianza kuhesabu. Nilijua kila gari kwa rangi. Nilijua ni mlango gani ulifunguka, na kama mteja alitoka na mche mmoja au boksi nzima. Mteja wangu mwenyewe akiwa mbele yangu anauliza bei ya mwembe, macho yangu yako kule. Wengine waliondoka kwa hasira. Nikasema amewaroga.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Mke wangu akaniambia, "Baba Watoto, tangu uingie umemtaja huyo mama mara saba. Kama unamtaka, sema."

"Simtaki! Nataka ahame!"

"Basi kula ugali, unapoa."

Usingizi ukaisha. Moyo ukawa unapiga kama mtu anagonga mabati. Nikaenda kliniki, nesi akanipima, akanipima tena, akamwita daktari. Daktari akaniuliza kama kuna mtu kwetu aliyekuwa na presha. Nikamwambia kaka yangu mkubwa. Alianguka shambani asubuhi akiwa na miaka sitini, na hakuamka. Daktari akaandika dawa ya kumeza kila siku, akasema, "Mzee, na wewe unaelekea huko. Punguza mawazo."

Nipunguze vipi, na mawazo yangu yamejenga kibanda upande wa kulia?

Hapo ndipo nilifanya ujinga wa kwanza. Nikakumbuka ile mimea ya kutuliza. Ilikuwa hatua kumi kutoka kiti changu. Lakini nimwendee mwanafunzi wangu, niseme niuzie dawa ya mawazo? Afadhali nife. Kwa hivyo nilivaa koti, nikaenda mpaka katikati ya mji, nikapanda ngazi za jengo moja la maduka madogo, nikanunua ashwagandha ya unga kwenye chupa. Muuzaji akasema kijiko asubuhi na kijiko jioni. Hakuniuliza kama natumia dawa nyingine, na mimi sikusema. Nilirudi nayo imefungwa kwa gazeti kama mtu aliyenunua chang'aa.

Na sitasema uongo mbele yenu. Baada ya wiki chache nililala. Si sana, lakini nililala. Basi kichwa changu cha darasa la tatu kikaniambia nimepona. Nikaacha tembe za hospitali. Nikaziweka juu ya kabati, nikasema hizi ni za wagonjwa.

Ujinga wa pili ulitoka hapo hapo. Nikasema, kama kitu hiki kinafanya kazi, kwa nini auze yeye? Nani mwenye mikono ya miche hapa? Nilikuwa nimeichungulia mimea yake ikiwa na matunda. Tunda dogo la mviringo, ndani ya kifuko chembamba kama karatasi. Nikasema aah, hiki kifuko nakijua! Kiko tele kando ya mashamba kule Dagoretti. Nikaenda na mfuko, nikachuma, nikakamua mbegu, nikazisia. Zikaota miche mia mbili. Mizuri, ndugu zangu. Mkono wangu hauna shida. Shida ni kwamba sikumuuliza mtu.

Mama mmoja wa Karen, mteja wa jirani, nikamsimamisha kabla hajafika kwake. Nikamwambia, "Mama, zile za pale si zenyewe. Zenyewe ni hizi." Akaniamini, kwa sababu ya mvi zangu. Akachukua miche ishirini. Siku hiyo nilikula nyama.

Ikapita miezi. Asubuhi moja, wateja wamejaa, yule mama wa Karen akarudi na mche mmoja kwenye ndoo, umezaa. Akapita mbele yangu bila salamu, akamwendea jirani. Nikasikia akisema, "Nataka unionyeshe kuchimba mizizi. Ndiyo inayochemshwa, sivyo?"

Jirani akaangalia ndoo. Akapasua kifuko kimoja. Ndani tunda la manjano. La ashwagandha ni jekundu. Hata yeye alikuwa na moja pale la kulinganisha. Akasema polepole, "Mama, hii ni nathi. Ndiyo ile watoto wanakula wakitoka shule."

"Ndiyo maana!" yule mama akasema. "Wangu wanazimaliza. Mpishi ametengeneza hata jamu." Akanigeukia. "Mzee, dawa yako ya mawazo tumeipaka kwa mkate!"

Watu walicheka. Mwenye bodaboda alicheka akashika pikipiki isianguke. Lakini jirani yangu hakucheka, na hicho ndicho kiliniuma kuliko vyote. Angecheka ningemtukana tukawa sawa. Nikasimama nijibu. Mdomo ukaenda upande. Mkono wa kushoto ukawa kama si wangu. Kitu cha mwisho nilichoona ni yule mjane akiruka mawaridi yangu kuja kunishika, na nikawaza, amevunja mche wangu.

Mnacheka. Haya, chekeni. Lakini nilikuwa naenda njia ya kaka yangu, na hata hapo nilikuwa nalinda mche.

Alinipeleka hospitali kwa gari ya yule mama wa Karen. Kama tungechelewa, daktari alisema, leo mngekuwa mnanisimulia nyinyi. Aliniuliza nimekuwa nikitumia nini. Mke wangu akatoa ile chupa kwenye kikapu, akaiweka kitandani. Kumbe alijua siku zote.

Daktari hakunitukana. Alisema mimea hiyo inawasaidia watu wengine kutulia, yeye hakatai hilo. Lakini ni dawa, si chai tu. Ina nguvu zake, inaweza kushindana na za hospitali au kuzisukuma zaidi, na mtu wa presha haachi tembe zake kwa sababu amelala vizuri wiki mbili. Kisha akauliza, "Na hayo mawazo ni ya nini hasa?"

Nikasema, "Jirani."

Akaweka kalamu chini. "Hiyo sina dawa yake, mzee."

Nilikaa nje ya kitalu wiki tano. Nilijua nikirudi nitakuta majani makavu. Nikashuka kwa gari la mwanangu, nikaona kitalu changu kibichi kuliko nilivyokiacha. Mawaridi yamepogolewa. Magugu hakuna. Alikuwa amemwagilia kila siku, na maji alichota kwa ndoo kwa sababu mfereji wa bomba ni wangu na niliufunga kufuli mwaka uliotangulia asiutumie. Na niwaambie kitu cha aibu? Sikusema asante. Nilisikia wivu. Nikawaza, hata miche yangu inampenda yeye.

Nikaketi kwenye kiti changu. Nikaona kwamba nitakufa. Si kwa sababu ya chumvi wala mafuta. Nitakufa nikihesabu milango ya magari. Basi nikachukua fimbo yangu nikaenda zile hatua kumi. Zilikuwa ndefu kuliko njia ya mjini.

Nikamwambia, "Mama, nimekuonea wivu miaka miwili."

Akaendelea kujaza udongo. "Najua, mzee. Mtu haangalii gari za mwenzake hivyo akiwa anataka lifti."

"Niliwaambia watu miche yako ni ya uongo."

"Hiyo pia najua. Waliniambia." Akapangusa mikono kwenye leso. "Mimi nilikuonea wivu kabla yako. Avokado zako. Nilikuwa nikiziona zimeshika, na zangu zimekauka, natamani kuzing'oa."

"Kwa nini hukuzing'oa?"

"Ungejua ni mimi."

Nilicheka, mdomo ukiwa bado upande. Nikampa ufunguo wa mfereji siku hiyo hiyo.

Sasa msifikiri nimekuwa malaika. Hata jana gari ya Kitisuru ilimpita kila mtu ikaenda kwake, na nikasikia kitu kifuani. Lakini siku hizi nikikisikia nakisema kwa sauti: "Mama, leo nimekuonea wivu!" Naye anajibu, "Pole, kunywa chai." Ananiletea mrihani kikombe kimoja jioni. Daktari anaujua, na tembe zangu namezea maji asubuhi kila siku. Ashwagandha daktari alinikataza, na nimeacha.

Namshukuru mke wangu, aliyebeba ile chupa. Namshukuru yule mama wa Karen, ambaye sikustahili gari lake. Namshukuru daktari. Na yule mjane, amekaa hapa kati yenu na amenikataza nisimwangalie, kwa hivyo simwangalii.

Ndugu zangu, nawaambia hivi. Mmea ukikusaidia kutulia, unywe, lakini kwanza mwambie anayekupima. Usifiche dawa. Na ukijua mtu aliyekunyima usingizi, mwendee ukamwambie, hata kama ni mdogo wako, hata kama ulimfundisha wewe. Mimi nilizunguka mji mzima nikikwepa hatua kumi.

Leo nina kitalu kimoja. Nina mfereji na tangi la maji. Nina wilbaro mbili, moja ina tairi nzima. Nina nyumba ya matofali nyumbani magharibi, na ng'ombe wawili. Nina mke. Nina mkono wa kushoto, umerudi karibu wote. Na nina jirani mmoja, upande wa kulia.