Malemba Asifutwe Daftarini

Mgeni rasmi, Ndugu Mkuu wa Wilaya, karibu Kijiji cha Ujamaa cha Malemba. Sisi warina asali tumefurahi kukuona. Mashimo ya barabarani yalifukiwa juzi kwa ajili yako, nasi tunashukuru, maana tulikuwa tumeyazoea.

HISTORIA

Tangu enzi za misafara, wapagazi walipopumzika hapa na kununua nta, babu zetu walitundika mizinga ya magome katika msitu wa Malemba. Kila mavuno, asali hugawanywa kwa kaya, na msitu wenyewe huhesabiwa kaya moja. Mgao wake humiminwa kwenye shina la mninga mkubwa. Mti wenye nyuki haukatwi.

Tulipohamishiwa kijijini mwaka wa sabini na nne, karani wetu, Ndugu Anton, alitakiwa kuandikisha wakuu wa kaya. Ili amalize mapema, alisema tumtajie kila anayepata mgao wa asali. Tulimtajia wote, kwa uaminifu. Ndiyo maana katika daftari la kijiji yumo Malemba, mwanamume, umri haujulikani, kazi yake nyuki.

MAFANIKIO

Malemba alipewa ekari moja na kiwanja karibu na zahanati. Kiwanja bado hakijajengwa. Kampeni ya vyoo imefanikiwa katika kaya zote isipokuwa moja.

Elimu ya watu wazima nayo imeshika. Mzee Lugembe, mtunzaji wa msitu, amehitimu, na kitabu cha kwanza alichosoma chote ni sheria ndogo za kijiji.

MATATIZO

Mwenzetu Malemba ameandikiwa barua tatu: ya choo, ya kutoonekana shamba la kijiji, na ya kutojibu barua. Ndugu Anton alipotambua ni nani, alikasirika sana, akasema tumemfanyia mzaha. Hatukumfanyia. Aliuliza, tukajibu.

Sasa limekuja agizo msitu ukatwe, upatikane kuni za mabani ya kukaushia tumbaku. Malori yanafika Jumatatu. Mzee Lugembe akasimama mkutanoni, akasoma polepole, kidole kikiwa kwenye mstari, kwamba mwanakijiji haondolewi mahali pake kabla ya kusikilizwa. Ndugu Anton akajibu kwamba hilo halina shida, jina litafutwa leo kwa sahihi yako.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika tuombe pampu ya maji na madirisha ya zahanati. Tumeyaacha, tusije tukakuchosha.

Tunaomba Malemba asikilizwe kabla ya kukatwa. Kwa kuwa yeye hawezi kuja mkutanoni, mkutano uende kwake. Ni mwendo wa nusu saa, na kivuli kipo. Mzee Lugembe atamsemea. Tukipata haki hiyo kwa mwaka huu tu, tutashukuru. Ikiandikwa katika sheria kwamba msitu nao una haki ya kuishi, tutashukuru zaidi.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaogopa. Miti ikienda, nyuki watahama, na sisi hatukufundishwa kazi nyingine. Daftari lililo mezani mbele yako limefunguliwa na Ndugu Anton kwenye ukurasa wenyewe, na kalamu ameiweka juu yake.

Tunakuomba ulifunge.

Mungu akulinde njiani, wewe na dereva wako, akawajalie mfike mkiwa salama.

Ni sisi, Warina Asali wa Malemba.
Imesomwa kwa niaba yao na Koleta Masele, katibu.