Sabir Mwana wa Ayyub

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Ayyub Ghazlan, mzaliwa wa hapa Irbid, mwanzilishi wa Madafa. Ayyub amefariki akiwa na miaka arobaini na mmoja. Hakuoa. Hakuwa na mtoto. Ninalirudia hilo kwa sababu ndilo lililotutatiza sote wiki hii: Ayyub hakuwa na mtoto.

Madafa mnaijua, mnayo kwenye simu zenu. Unaingia, unauliza, watu wanakujibu. Ilianzia juu ya duka la falafeli katika Mtaa wa Chuo Kikuu, kwenye chumba kilichonuka mafuta kutwa. Walikuwa wawili, Ayyub na mdogo wake Sawsan. Baba yao alifariki mapema, na Ayyub ndiye aliyemlea dada yake. Sawsan alisomea kompyuta. Yeye akashika mitambo, Ayyub akashika watu.

Jina alilitoa Ayyub. "Kwenye madafa ya babu, ile sebule yake ya wageni, mgeni alikuwa haulizwi jina wala shida yake mpaka siku tatu zipite," alimwambia dada yake. "Anapewa kahawa kwanza. Kwetu sisi asiulizwe kabisa."

"Na akituibia vikombe?"

"Vikombe vyenyewe viko wapi, Sawsan?"

Basi hakuna aliyeandika jina lake. Mtu aliingia kama Abu fulani au Umm fulani, baba wa fulani au mama wa fulani, ikatosha. Ayyub aliingia kama Abu Sabir. Hapa kwetu kila Ayyub huitwa hivyo tangu utotoni, awe na mtoto asiwe naye, kwa ajili ya Nabii Ayubu na subira yake. Hata punda tunamwita Abu Sabir, na muuza falafeli hakumwacha asahau hilo. "Abu Sabir, leo umepata majani?"

Kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza kitu. Kaka na dada walijiuliza wenyewe wakajijibu wenyewe. Kisha bi harusi mmoja akaandika: mtindi wangu wa kupikia nyama ya mansaf unakatika kila nikiuchemsha, na mama mkwe anakuja Ijumaa. Ayyub hakujua hata kukaanga yai. Alimpigia simu shangazi yake, akaandika: koroga upande mmoja tu, usiufunike, usiuache peke yake.

Jumamosi bi harusi akarudi. "Mama mkwe ameomba aongezewe. Mungu akuhifadhie Sabir."

Hapo, wasikilizaji wapendwa, Ayyub angeweza kusema kwamba hana Sabir. Aliandika: "Amina. Naye anakusalimu."

Bi harusi aliwaambia wenzake. Wenzake wakaja na maswali yao, kisha mama zao, kisha watu wa Tunis, wa Khartoum, wa Mosul. Kampuni ikahamia Amman, kwenye madirisha makubwa na wafanyakazi wengi. Waliojibu walikuwa maelfu, lakini watu walimtaka Abu Sabir. Naye Sabir akawa anakua. Akaugua. Akafeli hesabu. Kila mzazi aliyeuliza kuhusu mwanawe alijibiwa na kisa cha Sabir.

Sawsan alizisikia habari hizo ofisini, mfanyakazi alipomwuliza kama Sabir amepona surua. Akamfuata kaka yake.

"Kaka, Sabir ni nani?"

"Mwanangu."

"Mama yake?"

"Hilo hawajauliza bado."

"Unacheka. Siku wakijua, wataamini jibu letu lipi tena? Umejenga nyumba nzima juu ya mtoto ambaye hayupo."

"Nitawaambia. Nipe muda."

Sawsan alikasirika. Aliapa kutosoma hata jibu moja la Abu Sabir, na hakusoma. Alitunza mitambo iliyobeba majibu hayo kwa miaka, lakini hakusoma hata moja. Na Ayyub hakuwaambia. Jumapili iliyopita moyo wake ulisimama akiwa kazini.

Wanaume walipokea rambirambi kwenye ukumbi wa ukoo, wanawake nyumbani kwa Sawsan. Wakaanza kuja watu wasiojulikana na mtu. Mzee mmoja alitoka Karak na mkoba mpya wa shule. Ami Fawzan akauleta mkoba hadi mlangoni kwa wanawake.

"Sawsan, kaka yako alioa?"

"Hapana, ami."

"Basi huu mkoba wa nani? Watu wanamtafuta yatima wampapase kichwa. Nikisema hayupo wananitazama kama nimemla mimi."

Chumbani wanawake walikuwa na jibu tayari. Mke yuko Tunis. Mwingine akasema, Tunis wapi, yuko Beirut, na picha yake ameiona. Sawsan aliendelea kuwamiminia kahawa. Akisema Sabir hayupo, anamfanya kaka yake mwongo kabla mikeka ya msiba haijakunjwa. Akinyamaza, ami ataanza kutafuta yatima nchi nzima.

Ndipo akaingia mama mmoja kutoka Zarqa, Umm Hadil, amemshika mkono binti yake wa miaka saba.

"Huyu alifika miaka minne hasemi," Umm Hadil alisema. "Madaktari wawili, kila mmoja na lake. Nikamwuliza Abu Sabir. Akaniambia nimpeleke kwa mtaalamu wa matamshi, nisichoke. Akasema Sabir wake naye alikaa kimya mpaka miaka mitano. Alikuwa anaongea na kuku tu, chini ya ngazi. Siku moja akatoka, akasema, 'Kuku mweupe ni mgonjwa.' Mimi nilimshikilia huyo kuku mweupe mwaka mzima."

Sawsan aliweka birika la kahawa chini. "Kuku mweupe?"

Akaomba simu. Akasoma majibu ya Abu Sabir kwa mara ya kwanza. Sabir aliyeugua surua siku ya Idi. Sabir aliyetumbukia kwenye pipa la zeituni. Sabir aliyekataa kulirushia jua jino lake lililong'oka, kama watoto wa hapa wanavyofanya, akalificha kwenye soksi. Jino lilikuwa lake Sawsan. Surua ilikuwa yake. Kuku alikuwa wake.

Hadil akamvuta nguo. "Sabir yuko wapi?"

Ami Fawzan bado alikuwa mlangoni na mkoba.

"Ni mimi," Sawsan akasema.

Hadil alimtazama juu mpaka chini. "Mbona wewe ni mwanamke?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Na kuku alipona?"

"Hapana. Lakini alikuwa mgonjwa kweli."

Umm Hadil alilia, kisha akacheka, kisha akasema hajui amkasirikie nani. Ami Fawzan tulizungumza naye jana. "Bado sielewi," alisema. "Alikuwa na mtoto au hakuwa naye?"

Wasikilizaji wapendwa, hilo tunawaachia ninyi. Tunampa pole Sawsan, tunampa pole Ami Fawzan na ukoo wote wa Ghazlan. Mungu amlaze Ayyub pema. Nawe uliyewahi kumtuliza mtu kwa kisa, kaa leo ufikiri: kisa kile ulikichukua kwa nani, na mwenyewe anajua?

Asubuhi hii swali lililoulizwa zaidi kwenye Madafa lilikuwa: Sabir anaendeleaje? Lina jibu moja tu, na chini yake pana jina kamili, la kwanza kuandikwa humo tangu ianze. "Sabir ni mimi. Nina huzuni. Mkoba umefika. Sawsan Ghazlan."