Kuku wa Saa Tisa

Basi la Memphis lilikuwa halijakolea mwendo, mama mmoja wa Kizungu akaanza kuukodolea macho mfuko wa jirani yake, dada Mweusi mwenye sare za hospitali. Mzee Cleotha, Mweusi pia, aliyekaa nyuma yao, akakunja gazeti. Hamu ya kusoma ilikuwa imemwisha ghafla.

"Huyo kuku wa kuoka umemchukua kwa kadi ya chakula ya serikali, siyo?" mama yule akamuuliza dada.

"Kwani wewe ndiye serikali?"

"Mimi mlipa kodi. Ninyi kazi hamtaki, mnangoja kujaziwa kadi tu. Mimi cha bure sijawahi kula!"

"Ninyi nani, mama? Natoka zamu sasa hivi, na kuku nimenunua kwa mshahara wangu."

"Usinidanganye. Kadi hainunui kuku wa moto, ndiyo maana mnangoja apoe. Saa tisa kamili dukani wanawahamishia kuku waliobaki kwenye friji, pale karibu na maziwa, nanyi mnawavamia."

Dada akageuka taratibu. "Saa tisa kamili?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi sijui. Wangu bado ananiunguza mapaja."

Hata Mzee Cleotha, mwenye kadi hiyo tangu mwaka juzi, alikuwa hajui hiyo saa.

Mama yule akabonyeza kengele, na basi likasimama mbele ya duka kubwa la vyakula. Akashuka bila kuaga. Mzee akatazama saa yake: tisa kasoro dakika tano. Akachukua kofia, akashuka nyuma yake.