Sauti ya Ukumbi wa Pili

Mshonaji mmoja, mama wa makamo, alikaa kiti cha mbele yangu kwenye basi, na ubavuni mwake akakaa fundi mitambo wa ule ukumbi tulikotoka sote, kwenye usomaji wa mashairi uliounganisha kumbi mbili kwa video. Mama alikuwa amesoma shairi la kumwomba radhi mdogo wake, aliyekuwa akimtazama moja kwa moja kwenye skrini, katika ukumbi wa nchi jirani. Hawajasemezana tangu mazishi ya mama yao, ambayo huyu mkubwa hakuhudhuria.

"Mwanangu, nimemwona amesimama, mdomo unacheza. Kwa nini ulizima sauti yao?"

"Ndivyo tunavyofanya, mama. Mtu akisoma huku, kule tunafunga. La sivyo sauti yako inakurudia, ukumbi mzima unasikia makelele."

"Nilikuwa nimeshamaliza."

"Na muda ulikuwa umekwisha."

"Muda. Miaka yote hii sipati usingizi, wewe unaniambia muda."

Nilijifanya nasoma tangazo la dawa ya panya. Waliokaa nyuma nao wakawa wanatazama dirishani kwa bidii.

Mama akamgeukia. "Lakini wewe ulikuwa na hedifoni masikioni. Ulimsikia."

Fundi akawa anakunjakunja waya mapajani. "Nilimsikia."

"Alisema nini?"

"Mtandao ulikuwa unakatakata, mama."

"Nimekuuliza alisema nini, baba."

Fundi akatundika begi begani, akasema hapa ndipo anaposhukia. Basi likasimama. Mama hakusogeza magoti kumpisha.